KIGALI NA DAR ES SALAAM: KILOMITA NI ZILE ZILE, SAFARI SI ILE ILE

Mtu akikata tiketi ya ndege ya kutoka hapa Kigali kwenda Dar es Salaam, huenda akaona jambo la kumshangaza katika karatasi yake. Tuseme ameandikiwa kwamba ndege itaondoka Kanombe saa nne kamili asubuhi na kutua Dar es Salaam saa saba kasorobo mchana. Akihesabu, atapata safari ya saa mbili na dakika 45. Siku ya kurudi ameandikiwa kuondoka saa nane mchana na kufika Kigali saa tisa kasorobo. Hapo atapata dakika 45 tu. Ndege ni ile ile, njia ni ile ile, na rubani pengine ni yule yule. Je, ndege hukimbia zaidi inaporudi, kama ng'ombe anaponusa harufu ya zizi jioni?

Sivyo. Ndege imetumia muda ule ule kwenda na kurudi, yaani saa moja na dakika 45. Kilichobadilika ni saa za ukutani. Lakini swali la abiria huyo si la kuchekwa, kwa sababu linafungua swali kubwa zaidi: umbali kati ya miji miwili ni nini hasa? Ni kilomita? Ni saa? Au ni kitu kingine ambacho hakiandikwi katika ramani wala katika tiketi? Hayo ndiyo tunayokusudia kuyaeleza katika mazungumzo haya.

Tuanze na kilomita, maana hizo hazina ubishi. Kutoka uwanja wa ndege wa Kanombe hadi uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, kwa mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, ni kilomita zipatazo 1,140. Marubani hawahesabu kwa kilomita bali kwa maili za bahari, na kila maili moja ya bahari ni mita 1,852. Kwa kipimo chao safari hiyo ni kama maili 615. Wao hupenda kipimo hicho kwa sababu kinatokana na dunia yenyewe: ukiugawa mzingo wa dunia katika digrii 360, na kila digrii ukaigawa katika dakika 60, dakika moja ya mzingo huo ndiyo maili moja ya bahari.

Mstari huo ukichorwa katika ramani unatoka Kigali kuelekea kusini mashariki. Unavuka mto Kagera karibu kabisa na maporomoko ya Rusumo, unaingia Tanzania, unapita jirani na Shinyanga, kisha jirani na Kondoa, halafu unateremka kuelekea pwani. Ndege haiufuati mstari huo kama treni inavyofuata reli, kwa kuwa angani nako kuna njia zilizopangwa na waongozaji wa ndege. Lakini haiuachi mbali.

Msafiri wa barabarani anavuka mpaka mahali pale pale, Rusumo, lakini baada ya hapo njia zao zinaachana. Barabara inapita Nyakanazi na Kahama, inafika Nzega, inazunguka Singida, inashuka Manyoni na Dodoma, inapita Morogoro, ndipo inafika Dar es Salaam. Jumla yake ni karibu kilomita 1,500. Kwa hiyo kwa kila kilomita tatu za angani, msafiri wa nchi kavu hulipa kilomita nne. Hiyo ndiyo kodi ya kwanza ya umbali, nayo imetozwa na milima, mabonde na historia ya ujenzi wa barabara.

Sasa tuje kwenye muda. Mwanafunzi wa shule angetaka kugawa umbali kwa mwendo, apate jibu na kufunga daftari. Ndege ya jeti ya aina ya Boeing 737 ikiwa juu husafiri karibu kilomita 830 kwa saa. Kilomita 1,140 zingemalizika katika muda wa saa moja na dakika 22 hivi. Mbona basi ratiba inasema saa moja na dakika 45? Kwa sababu ratiba haianzi kuhesabu ndege inapopaa. Inaanza pale magurudumu yanapoanza kuzunguka, na inakoma ndege inaposimama kabisa. Katikati yake kuna kutambaa hadi kwenye njia ya kurukia, kungoja ruhusa ya mnara, kupanda juu kwa mwendo mdogo, kushuka kwa mwendo mdogo zaidi, na pengine kuzunguka kidogo kungoja ndege nyingine itue. Mambo hayo ni karibu sawa kwa safari fupi na kwa safari ndefu. Ndiyo maana safari fupi huonekana kuwa ya kivivu. Kutoka Kigali hadi Bujumbura ni kilomita 175 tu kwa njia ya anga, lakini ndege hutumia sehemu kubwa ya muda wake kupanda na kushuka.

Aina ya ndege nayo ina neno lake. Ndege za pangaboi, ambazo mwendo wake ni karibu kilomita 650 kwa saa, zitahitaji muda unaokaribia saa mbili kwa safari hiyo hiyo ya Dar es Salaam. Hata hivyo hutumia mafuta kidogo zaidi, na katika safari fupi tofauti ya muda kati yake na jeti ni dakika chache mno.

Tena kuna jambo la hewa. Uwanja wa Kanombe uko karibu mita 1,490 juu ya usawa wa bahari, na uwanja wa Dar es Salaam uko chini kabisa, pwani. Hewa ya Kigali ni nyepesi zaidi, na hewa nyepesi haiibebi ndege vizuri kama hewa nzito ya pwani. Kwa hiyo ndege inayoondoka Kigali huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa, au ipunguze mzigo. Si bure kwamba njia ya kurukia ya Kanombe ina urefu wa mita 3,500.

Pepo, kwa upande mwingine, hazina makuu katika sehemu zetu. Wasafiri wa Ulaya na Marekani hujua kwamba kwenda magharibi huchukua muda mrefu kuliko kurudi mashariki, kwa sababu ya pepo kali zivumazo huko juu. Karibu na ikweta pepo za namna hiyo ni hafifu. Basi yule abiria wetu asiulaumu upepo. Aitazame saa.

Rwanda hutumia saa iliyo mbele ya Greenwich kwa saa mbili. Tanzania, Kenya na Uganda hutumia saa iliyo mbele kwa saa tatu. Tiketi ya ndege daima huandika saa ya mahali ndege ilipo, si saa ya abiria alikotoka. Kwa hiyo anayekwenda Dar es Salaam hukopesha saa moja njiani, na anaporudi hulipwa. Hakuna aliyepunjwa, isipokuwa yule aliyesahau na akafika uwanjani Dar es Salaam saa moja baada ya ndege kuondoka.

Lakini, ndugu msikilizaji, tusidhani kwamba jua ndilo lililotoa amri hiyo. Jua huchukua dakika nne kupita digrii moja ya longitudo. Kati ya Kigali na Dar es Salaam kuna digrii tisa na kidogo. Maana yake jua la Kigali limechelewa kuliko la Dar es Salaam kwa dakika 36 hivi. Sheria za nchi zimesema 60. Kati ya Kigali na Kampala jua hutofautiana kwa dakika 10 tu, na bado sheria zimesema 60. Mtu akivuka mpaka kwa miguu pale Gatuna, hatua moja humchukua kutoka saa tatu hadi saa nne, wakati kivuli chake hakijasogea hata upana wa kidole.

Na katika mambo haya Kigali ina bahati moja ambayo wengi hawaijui. Mstari wa longitudo ya digrii 30 mashariki, ambao ndio shina la saa yetu, unapita karibu kabisa na mji huu. Kwa hiyo katika Kigali saa ya ukutani na saa ya jua ni karibu kitu kimoja. Sote tunaosema Kiswahili, na kadhalika wenye Kinyarwanda, tunahesabu saa kuanzia mapambazuko: jua linachomoza saa kumi na mbili, na baada ya hapo huwa saa moja asubuhi. Hesabu hiyo ya wazee inakwenda sawa na jua hapa Kigali kuliko Kampala, ambako jua huchomoza ikielekea saa moja kasorobo, na kuliko Dar es Salaam pia. Hata Afrika Mashariki ya wakati wa Waingereza iliwahi kutumia saa iliyokuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45. Saa, basi, ni makubaliano ya watu. Nayo makubaliano huweza kufanywa na huweza kubadilishwa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha mazungumzo haya. Kilomita zimewekwa na maumbile. Lakini karibu kila kitu kingine katika safari kimewekwa na watu.

Hebu tukumbuke safari zilivyokuwa. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliondoka Pangani, katika pwani ya Tanganyika, mwezi wa Desemba 1893, akiwa na msafara mkubwa wa wapagazi. Alivuka Kagera pale Rusumo mwezi wa Mei 1894. Ilimchukua zaidi ya miezi minne, na miguu iliyoumia zaidi si yake bali ya wapagazi waliobeba mizigo. Leo abiria wa Kigali hupita juu ya Rusumo kabla mhudumu hajamletea chai. Mitambo imefanya kazi yake. Je, watu tumefanya yetu?

Njia hii ya Kigali na Dar es Salaam ina ukurasa mweusi ambao haufai kupitwa kimya. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenye mkutano wa viongozi wa eneo hili ilidunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua Kanombe. Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda, Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi na wote waliokuwamo walikufa. Yakafuata mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ambayo, kwa hesabu ya Serikali ya Rwanda, yaliangamiza watu zaidi ya milioni moja. Mwishoni mwa mwezi huo huo umati uliokadiriwa kufikia watu robo milioni ulivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania katika muda wa siku moja hivi. Lakini wengi waliokuwa wakiwindwa hawakufika hata darajani. Kwao kilomita chache zenye vizuizi vya wauaji zilikuwa ndefu kuliko bahari. Siku hizo umbali haukupimwa kwa kilomita wala kwa saa. Ulipimwa kwa swali moja tu: njia iko wazi, au imefungwa?

Swali hilo halikuisha mwaka 1994. Mwezi wa Februari 2019 mpaka wa Gatuna, katika barabara kuu ya Kigali na Kampala, ulifungwa kwa sababu ya ugomvi baina ya Rwanda na Uganda. Haukufunguliwa tena mpaka tarehe 31 Januari 2022. Kwa karibu miaka mitatu kilomita kati ya miji hiyo miwili hazikuongezeka hata moja. Lakini mwenye duka aliyezoea kuleta bidhaa zake kwa siku moja aliona Kampala imehamia mbali. Mwezi wa Januari 2024 Burundi nayo ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Bujumbura, mji wa jirani ulio karibu nasi, ukawa kwa msafiri wa basi mbali kuliko Dar es Salaam.

Anga nalo hufungwa. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa sheria za usafiri wa ndege duniani, unatamka katika kifungu chake cha kwanza kwamba kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga lililo juu ya nchi yake. Mwezi wa Februari 2025, vita vilipopamba moto mashariki mwa Kongo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipiga marufuku ndege zilizosajiliwa Rwanda kupita katika anga lake. Atazamaye ramani ataona uzito wa jambo hilo. Mpaka wa Kongo uko kilomita zipatazo 100 tu magharibi ya Kigali, na nchi hiyo ni pana mno. Ndege za Rwanda za kwenda Afrika Magharibi na Ulaya zililazimika kuzunguka, na kila kuzunguka ni mafuta, ni saa, na ni fedha. Si kazi ya mazungumzo haya kuamua nani ana haki katika ugomvi huo. Kazi yetu ni kuonyesha kwamba ugomvi wa majirani huandikwa mpaka katika tiketi ya abiria.

Tena tusidhani kwamba anga na nchi kavu ni dunia mbili zilizotengana. Rwanda haina bahari, wala haina bomba la mafuta. Mafuta yake huletwa kwa malori kutoka bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Maana yake ni kwamba ndege inayopaa Kanombe kwa dakika chache inapaa kwa mafuta yaliyotambaa barabarani kwa siku kadhaa, yakapita mizani, yakangoja forodhani na kuvuka mto. Lori likichelewa Rusumo, gharama yake inapanda ndegeni. Barabara ya kilomita 1,500 imo ndani ya nauli ya safari ya kilomita 1,140, hata kama abiria haioni kutoka dirishani.

Tukumbuke pia saa ambazo haziandikwi popote. Abiria wa ndege hutakiwa kufika uwanjani saa mbili kabla. Akifika aendako hupanga foleni ya uhamiaji, hungoja mzigo, kisha huingia katika msongamano wa magari. Safari ya saa moja na dakika 45 inakuwa ya saa tano au sita, kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa nyumba. Rwanda imekuwa ikijenga uwanja mpya mkubwa wa ndege katika Wilaya ya Bugesera tangu mwaka 2017. Hilo ni jambo la fahari. Lakini uwanja huo uko mbali na mji kuliko Kanombe, na kila kilomita ya barabara ya kwendea huko itahesabiwa katika safari ya abiria. Si busara kuokoa dakika kumi angani kwa kupoteza nusu saa barabarani.

Sasa tufanye nini? Habari njema ni kwamba mengi ya kufanywa yamekwisha kukubaliwa kwa maandishi. Nchi za Afrika zilikubaliana mjini Yamoussoukro mwaka 1999 kufungua anga zao kwa mashirika ya ndege ya Kiafrika. Mwezi wa Januari 2018, mjini Addis Ababa, Umoja wa Afrika ulizindua soko moja la usafiri wa anga, na Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kujiunga. Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa Julai 2007. Mwaka 2017 Rwanda ikakifanya Kiswahili lugha rasmi, ili mtu wa Nyamirambo na mtu wa Kariakoo wasikutane kama wageni. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na nia ya kuifikisha reli Kigali imetamkwa kwa miaka mingi. Karatasi tunazo. Yaliyobaki ni matendo.

Inafaa basi makubaliano ya anga yatekelezwe na nchi zote, kodi na ada zinazorundikwa juu ya tiketi ya jirani kwenda kwa jirani zipunguzwe, na vituo vya mpakani vifanye kazi kwa haraka usiku na mchana. Zaidi ya hayo yote, inafaa serikali zinapogombana, zisimwadhibu muuza mbogamboga, mgonjwa anayetafuta hospitali na mwanafunzi anayekwenda chuoni. Mlango wa mpaka ukifungwa, waziri huwa hasikii njaa. Anayesikia njaa ni yule aliyekuwa akiuvuka kila siku kutafuta riziki yake.

Ndugu msikilizaji, wazee walisema kwamba jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Lakini ukaribu hauji wenyewe. Kati ya Kigali na Dar es Salaam maumbile yameweka kilomita 1,140, na jua limeweka dakika 36. Hizo hatuwezi kuzipunguza hata tungefanya nini. Siku zinazopotea forodhani, fedha zinazozidi katika nauli, na lango lililofungwa kwa minyororo, hizo tumejiwekea wenyewe. Na kilichowekwa na mikono ya watu, mikono ya watu inaweza kukiondoa.